Neno Moja Chini ya Picha

Semkiwa, fundi fremu wa Barabara ya Nane,
alibandua kioo cha kale kutoka nyumba ya mkonge, Pongwe,
na nyuma yake, mahali pa ubao,
akamkuta Mfaransa amekunjwa mara mbili.

Akaniita. Mwalimu wa Kifaransa ni mimi,
wanafunzi kumi na mmoja, chaki ya kukopa.
"Hebu nisomee, huyu anasema nini?"

Ilikuwa picha ya jiwe, zile za kuchorwa kwa mafuta
ili maji yakipita yaogope mstari.
Jibaba la kitambi, nishani kifuani,
kofia ndefu kama bomba la meli,
limesimama baharini, maji magotini,
linanyonyesha mtoto.
Chini yake maneno manne na alama ya mshangao.

Nilicheka peke yangu, kwa sauti.
"Meya, kwao, ni mèr," nikamwambia.
"Mama ni mèr. Bahari nayo ni mèr.
Sasa huyu meya, ndiye mama, ndiye..."
Semkiwa ananitazama kama anayesubiri chenji.
"Na kicheko kiko wapi?"

Nikaeleza. Nikaeleza tena.
Chai ikaota utando.
Kila nilipoeleza, utani ulizidi kukata roho,
mwisho tukakaa kimya kama watu wa matanga,
na nilipomwambia, "Tanga, matanga, umeona?"
akaniomba nimpishe, ana kioo cha kukata.

Usiku nikajaribu kwa mizani:

*Meya yumo baharini, na mtoto anyonyesha,*
*Maji yamo magotini, kofia imemchosha,*
*Neno moja la kigeni, matatu lamaanisha,*
*Kwetu limekufa pwani, hakuna wa kuchekesha.*

Vina vimetimia. Maiti kavikwa suti.
Nikachana karatasi, nikalala.

Asubuhi nakuta watu wamejaa kibarazani pa Semkiwa,
hata Mwanamkasi kaacha vitumbua vinaungua.
Fundi kaomba kipande cha mkaa jikoni kwake
na juu ya hadibodi kachora kaa,
kaa mnene, kofia ya kiua imemkaa upande,
kaketi kitini, magando yamekumbatia mihimili,
na chini ya kiti, jiko linawaka.
Maelezo ni neno moja, herufi kubwa:
KAA.

Hakuna aliyeuliza kicheko kiko wapi.
Mtaa wetu una mwenyekiti, mwaka wa kumi na tatu huu,
mwenye kiti kwelikweli,
na choo cha soko bado ni msingi na nyasi.

Saa nne akaja mwenyewe.
"Semkiwa. Hii ina maana gani?"
"Maana gani tena, mheshimiwa? Nimekukaribisha. Kaa."
Akavuta kigoda. Akaketi.
Mtu akakohoa. Mwanamkasi akajifunika khanga usoni.
Akasimama upesi kama aliyekalia kilichoandikwa.
"Huyu mdudu ni nani?"
"Sijui. Wewe unamfahamu?"

Hapo nikaona mtego ulivyosukwa:
akikasirika, amejitaja;
akinyamaza, picha inabaki barazani;
na kumshitaki fundi kwa neno la kukaribisha wageni
ni kujipalia makaa.

Alifikiri kwa muda. Akatoa pochi.
"Bei gani?"
"Elfu ishirini. Na kioo juu yake, thelathini na tano.
Bila kioo, mheshimiwa, mkaa unafutika."
Nadhani hakusikia mwisho. Alikwisha sema, weka kioo.

Fremu ilikuwa pana, mlango wa Semkiwa ni mwembamba.
Mwenyekiti akaikumbatia kwa mikono miwili,
akajaribu kutoka mbele, ikagoma.
Akajaribu kinyumenyume.
Basi akageuka ubavu,
hatua moja, hatua nyingine,
upande, upande, mpaka barabarani,
na Barabara ya Nane nzima ikaanguka.

Mimi nilikuwa nimeshika ukuta, machozi yananitoka.
Mfaransa wangu bado yuko mezani, maji magotini.
Jumatatu nitampeleka darasani
nikawape wanafunzi kazi moja tu:
msinitafsirie.